Chuma Kikiwa Uchi

Ukishuka daladala Segerea na kuiacha lami inayokwenda Kinyerezi, utausikia msasa kabla hujaiona gereji. Ni sauti kavu, ya mkono mmoja. Chini ya mwembe fundi amekaa kwenye kigoda, reli ya siti ya Peugeot 404 imelala mapajani mwake, na anaisugua.

Gari lenyewe liko nyuma yake, limevuliwa siti, kapeti na dashibodi. Wapenzi wa mbio za magari wa zamani wanaikumbuka 404 kwa Safari Rally: Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Dar, alishinda nayo mwaka 1966, akarudia 1967. Leo 404 inataka mtu wa kuipigania na kutu, hasa ile ya ndani. Mpira wa kioo cha mbele ukishachoka, maji ya masika hupenya chini ya dashibodi, yakatulia chini ya kapeti. Bodi ya nje hukaushwa na jua. Reli ya siti hailioni jua.

Kabla ya kusugua chochote, fundi hugonga. Huupiga mpini wa bisibisi juu ya chuma, taratibu, akitega sikio. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo kipande kilichovimba na kuonekana kinene huenda ndani kimebaki wembamba wa karatasi. Kinyume chake pia kipo. Nilimwona akikitetea kishikio cha pedali ambacho mimi ningekitupa bila kufikiri mara mbili. Kilikuwa chekundu kote, lakini kililia.

Halafu brashi ya waya, msasa namba 80 kwenye vidonda, 120, 240. Grenda anayo, imetundikwa ukutani. Kwenye bati jembamba haitumii, maana grenda haichagui, hula kizima pamoja na kibovu. Vishimo visivyofikiwa na msasa huvipaka asidi ya fosforiki, naye hungoja wekundu ugeuke weusi. Skrubu ndogo hulala kwenye siki usiku kucha. Kazi hii humla siku nyingi, na sijawahi kumsikia akizihesabu.

Ila chuma kikishakuwa uchi, mambo hubadilika. Hewa ya Dar ina maji, na chuma kisicho na rangi huanza kupata wekundu kabla siku haijaisha. Jasho ndilo baya zaidi, kwa chumvi yake. Siku moja kijana anayejifunza kwake alikishika kipande kilichokwisha safishwa bila kuvaa glavu. Asubuhi yake vidole vyake vilikuwa vimechorwa pale kwa kutu, kila kimoja mahali pake. Fundi hakumgombeza. Alimpa msasa namba 120.

Kwa hiyo mpigo wa mwisho wa msasa huupangia asubuhi ya jua. Mawingu yakikusanyika, anakiacha kipande na rangi yake ya zamani na kusema, “Leo hapana.” Kukiwa kweupe, hufuta kwa tina na kitambaa safi, anabadilisha kitambaa, anafuta tena, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Anakitundika kwenye waya na kupiga praima ya epoksi, tabaka jembamba, kisha jingine. Mtu yuleyule aliyekaa siku tatu na reli moja sasa hataki hata kusalimiwa.

Rangi ya juu haibuni. Huitafuta chini ya washa ya bolti, ambako duara dogo la rangi ya kiwandani limehifadhika miaka yote hiyo, na humpelekea mchanganya rangi kipande hicho hicho.

Mfereji wa reli hakuupaka rangi, aliutia grisi. Nilikuwepo alipoifunga. Aliisukuma kwa kidole kimoja, ikateleza mpaka ikagota. Akairudisha, akaisukuma tena, sikio ameliinamisha karibu na sakafu.