Hesabu Isiyohukumu kwa Pupa

Bonde la Kilombero lina watu wasiokaa mahali pamoja mwaka mzima. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huhamia mashamba ya mbali, hulala kwenye madungu na kuamia ndege hadi mavuno. Mtafiti wa Ifakara, mji ulio bondeni humo, anayechagua kaya za kuhoji wakati huo hana budi kujiuliza: hawa niliowapata wanafanana na bonde lenyewe?

Daftari la kulinganishia lipo. Tangu mwaka 1996 watafiti wa afya wamekuwa wakifuatilia kaya za wilaya za Kilombero na Ulanga. Wadadisi wamepita nyumba kwa nyumba, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Kinachobaki ni ufundi wa kulinganisha, nao ni kai-mraba, jaribio alilolitoa mwanatakwimu Karl Pearson mwaka 1900.

Tuchukue mfano wa kubuni. Daftari linasema asilimia 50 ya kaya ziko mjini, 30 kandokando ya barabara, 20 karibu na mto. Katika kaya 200 tungetarajia 100, 60 na 40. Tumepata 116, 54 na 30. Kwa kila kundi tunatafuta tofauti, tunaizidisha kwa yenyewe ili pungufu na ziada zisifutane, kisha tunaigawa kwa idadi iliyotarajiwa. Ndiyo maana kaya 10 zilizokosekana mtoni kati ya 40 zina uzito karibu sawa na 16 zilizozidi mjini juu ya 100: zinatoa 2.5 na 2.56. Ukijumlisha na 0.6 ya barabarani unapata 5.66.

Kwa makundi matatu, kikomo kinachotumika sana, cha asilimia 5 (bahati peke yake hukivuka mara 5 tu katika 100), ni 5.99, na jumla yetu haijakifikia. Jicho lilikwisha kusema watu wa mtoni wameachwa. Hesabu inasema bahati tu ingeweza kuleta tofauti kama hii. Haisemi sampuli, yaani kaya tulizozipata, ni safi. Inasema ushahidi haujatosha.

Sasa tuhoji kaya 400, na mgawanyo ubaki uleule: 232, 108 na 60. Asilimia hazikubadilika hata moja, lakini jumla inafika 11.32, na kikomo kimevukwa. Sampuli haifanani na bonde.

Uadilifu huu ndio ninaousifu. Kai-mraba haimtii hatiani mtu kwa ushahidi wa kaya chache, wala haifumbii macho tofauti iliyothibitishwa na kaya nyingi. Na ikishatoa hukumu, sababu inamwachia mdadisi akaitafute: aende mashambani, awakute wenye kaya huko waliko.

Wewe unayeandika ripoti ya kijiji, ya zahanati au ya shule, usituletee asilimia peke yake. Andika na idadi ya watu waliohesabiwa. Bila idadi hiyo, hakuna anayeweza kupima kama unachotuambia ni kweli ya bonde au ni bahati ya siku ile.