Pongezi kwa Wapimaji wa Eko

Daktari akisikia kwa stethoskopu mvumo unaopanda hadi shingoni, hushuku kuwa valvu ya aota imebana. Imebana kiasi gani? Hapo huitwa mpimaji wa eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ambaye wagonjwa wengi humkumbuka kwa ile jeli ya baridi tu.

Kwa kawaida kasi ya damu kwenye valvu hiyo ikifika mita 4 kwa sekunde, au wastani wa tofauti ya shinikizo ukifika milimita 40 za zebaki, ugonjwa ni mkali. Kukariri tarakimu hizo ni rahisi. Kuzipata ndiyo kazi. Mawimbi ya sauti yakiukuta mkondo wa damu kwa mshazari, kasi husomeka ndogo, na anayestahili upasuaji huambiwa hali yake ni ya wastani. Ndiyo maana mpimaji mahiri haridhiki na upande mmoja. Humlaza mgonjwa ubavu wa kulia, hupima kando ya kidari, kisha juu yake, mara nyingine kwa kifaa chembamba kisichotoa picha, akiongozwa na sikio.

Liv Hatle na wenzake wa Trondheim, Norwei, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa upimaji huu usiohitaji mrija moyoni.

Namheshimu zaidi mpimaji anayeandika kwamba vipimo vyake vinapingana. Kwa mfano, moyo dhaifu husukuma damu kidogo, kasi ikashuka ilhali valvu imebana vibaya. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe kwenye CT scan, chokaa ya valvu ipimwe.