Istilahi za Ramani kwa Watoto wa Madarasa ya Mwanzo

Istilahi za ramani zitumiwazo katika shule zetu za msingi ni chache: dira, kipimio (au skeli), ufunguo, fremu. Uchache huo umetufanya tudhani kwamba hazina matatizo. Tukizipima kwa kazi za mikono wanazopaswa kuzifanya watoto wadogo, twaona kuwa baadhi yake zinasaidia na nyingine zinazuia.

Tuchukue mfano wa Mkange, kaskazini ya mto Wami katika pwani ya Bagamoyo. Mtoto wa huko huja shuleni akizisikia pepo za mwaka zikitajwa nyumbani: kaskazi, ivumayo yapata Desemba hadi Machi, kisha kusi. Kwake 'kaskazini' na 'kusini' si maneno mageni. Ni majina ya pepo hizo yaliyotiwa kiambishi -ni. (Kwa hakika kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, lakini hilo lingoje madarasa ya juu.) Mwalimu amtoe nje, amwelekeze kunakochomoza jua, upande wa bahari, mkono wa kushoto ndio kaskazini. Badala yake mtoto huambiwa kuwa kaskazini ni 'juu' ya ramani, naye akatazama angani. Kosa hilo ni la lugha, si la mtoto. Ramani ya kwanza ichorwe mchangani, ielekee sawasawa na nchi yenyewe, na neno 'juu' liachwe mpaka karatasi itakapotundikwa ukutani.

'Kipimio' twalipendelea kuliko 'skeli'. Mtoto aliyepima darasa kwa hatua, akachora kila hatua kwa upana wa kidole, amekwisha kupima. Jina latokana na kitendo chake mwenyewe.

Linalotusumbua ni 'ufunguo'. Ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na mtoto ajuaye ufunguo wa kufuli haoni kilichofungwa. Anapoweka kibiriti kuwa nyumba na kokoto kuwa kisima, anachohitaji ni 'maelezo ya alama'. Ni istilahi ndefu, na wapo watakaosema kwamba vitabu vimekwisha kulizoea 'ufunguo'. Basi neno hilo lianze baadaye, alama zikiwa zimekwisha kueleweka.

'Dira' nayo yabebeshwa mizigo miwili: chombo chenye sindano, na mshale uchorwao pembeni mwa ramani. Huo wa pili twashauri uitwe 'mshale wa kaskazini'.

'Fremu' haina taabu. Mtoto huichora kwa kijiti kabla ya kitu kingine chochote.