Kompyuta Mbili, Kasha Moja, Pawa Saplai Moja: Phanteks Revolt X Imeniteka!

Aisee, hatimaye iko mezani! Phanteks Revolt X: pawa saplai moja, kompyuta mbili, kasha moja, na kila kompyuta inawaka na kuzimika kwa wakati wake. Rudia sentensi hiyo taratibu, maana jambo hilo la mwisho ndilo linaloshinda karibu kila pawa saplai iliyoko madukani, hata ile kubwa na ya gharama kuliko zote. Wati zinanunulika popote. Uhuru huu hauuzwi kila duka.

Kama bado unajiuliza nani atake kompyuta mbili ndani ya kasha moja, waulize wanaorusha gemu mubashara. Kompyuta ya kwanza inacheza tu. Ya pili inapokea picha, inaibana na kuipeleka mtandaoni. Hata gemu likila prosesa yote ya kwanza, matangazo hayatetereki. Wengine wanataka moja ya kazi nzito na nyingine ya kuhifadhi mafaili ya nyumba nzima. Na makasha yapo! Corsair walitoa Obsidian 1000D mwaka 2018, kasha la karibu sentimita 70 kwenda juu. Phanteks wenyewe wakaleta Evolv X mwaka huohuo, kisha Enthoo Pro 2 mwaka 2020. Yote matatu yanapokea mazabodi kubwa, na kando yake ile ndogo ya mini-ITX yenye sentimita 17 kwa 17. Nafasi ilishapatikana zamani. Kilichokuwa kinatusumbua ni umeme.

Pini moja inayoharibu kila kitu

Nivumilie kidogo kwenye ufundi, maana hapa ndipo utajua kwa nini nimechachawa hivi.

Chukua plagi kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi. Pini namba 16 ndiyo yenye amri. Zamani waya wake ulikuwa wa kijani. Kebo za siku hizi nyingi ni nyeusi tupu, lakini kazi ya pini hiyo haijabadilika. Ukibonyeza swichi, mazabodi huishusha pini hiyo hadi volti sifuri, na pawa saplai inaachia volti 12, volti 5 na volti 3.3 kwa mkupuo. Mazabodi ikiiachia pini, umeme huo wote unakatika. Kinachobaki ni umeme mdogo wa akiba, volti 5 kupitia pini namba 9, ambao kazi yake ni kuiwezesha mazabodi kusikia swichi itakapobonyezwa tena.

Sasa chukua pawa saplai ya kawaida uigawe kwa kebo ya matawi mawili. Umewasha kompyuta ya kwanza. Amri imetoka, umeme umeachiwa, lakini unakwenda kote kuwili! Kompyuta ya pili haijabonyezwa, haijaomba kitu, ila volti zote zimeshaingia kwenye ubao wake. Ukija kuizima moja, nyingine bado imeshikilia ile pini, kwa hiyo umeme haukatiki. Mazabodi inadhani imezimika huku imejaa umeme. Hilo halikutarajiwa na waliobuni mfumo wa ATX, na si jambo la kuombea mazabodi uliyoinunua kwa jasho lako.

Revolt X inalimaliza tatizo hilo ndani ya boksi lake. Fikiria tangi moja la maji lenye mabomba mawili, kila bomba na koki yake. Kiwanda cha kuzalisha volti ni kimoja, ila kila mazabodi ina plagi yake ya pini 24, amri yake, na mlango wake wa kielektroniki unaofunguka kwa amri hiyo tu. Kompyuta ya kwanza ikiomba, inapewa ya kwanza. Ya pili inasubiri zamu yake.

Angalizo kwa wanaotaka kubana matumizi: madukani kuna kebo na vibao vidogo vinavyofanana na suluhisho hili, kumbe kazi yake ni ya kinyume. Vinaunganisha pawa saplai mbili ili ziwashwe na mazabodi moja. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walivitumia sana kwenye mitambo yao yenye kadi nyingi. Muuzaji akikuonyesha kimojawapo, muulize swali moja: hiki kinawasha pawa saplai mbili kwa mazabodi moja, au kinalisha mazabodi mbili kwa pawa saplai moja? Akisita, weka pesa yako mfukoni.

Wati ngapi? Tupige hesabu

Revolt X inakuja kwa ukubwa wa aina mbili, wati 1000 na wati 1200. Najua mkono wako umeshakimbilia 1200. Ngoja kwanza.

Tuchukue mashine ya gemu yenye Ryzen 7 7800X3D. AMD wameiwekea kikomo cha wati 162. Ongeza RTX 4070 Ti Super ya wati 285. Feni, diski, pampu ya maji na mazabodi yenyewe nazipa wati 75, na hapo sijazibania. Jumla ni wati 522, tena zote zikikimbia kwa nguvu zote.

Mashine ya pili, ya kurushia, nimeipa Core i5-12400. Kwa nini hiyo? Kwa sababu ina saketi ya kubana video ndani ya prosesa yenyewe, hivyo haihitaji kadi ya picha. Hilo ni muhimu mno, maana ubao wa mini-ITX una nafasi moja tu ya kadi, na nafasi hiyo inachukuliwa na kadi ya kunasa picha kutoka kompyuta ya kwanza. Kikomo cha Intel kwa prosesa hii ni wati 117. Weka 35 za vikorokoro vingine, unapata 152.

Jumla kuu: wati 674. Kwa pawa saplai ya wati 1000, hiyo ni kama asilimia 67 ya uwezo wake, na ni hali mbaya kabisa ambayo huwezi kuifikia ukiwa unacheza kawaida. Nafasi iliyobaki inahitajika, maana kadi za picha huvuta umeme kwa mishtuko mifupi inayopita wastani wake kwa mbali. Kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kinataka pawa saplai kubwa zivumilie hadi mara mbili ya uwezo wake kwa sehemu 100 za milioni moja za sekunde. Revolt X ilibuniwa kabla ya kiwango hicho, kwa hiyo usiibane hadi ukingoni. Kwa mpangilio wangu, 1000 inatosha vizuri kabisa. Ile ya 1200 mwachie mwenye RTX 4090, ambayo peke yake ni wati 450.

Kuhusu ufanisi, hapa kuna cheti cha 80 Plus Platinum. Kwenye umeme wa volti 230, kama wetu Tanzania, kipimo cha Platinum ni asilimia 92 mzigo ukiwa asilimia 20, asilimia 94 mzigo ukiwa nusu, na asilimia 90 ukiwa umejaa. Maana yake zile wati 674 zinageuka kama 725 ukutani, takribani ampea 3.2. Plagi ya ampea 13 haitashtuka, na LUKU yako itapumua kuliko ukitumia pawa saplai mbili za bei poa.

Kuifunga, na ule mbonyezo wa kwanza!

Utengenezaji ni wa Seasonic, na wanaoijua kazi ya Seasonic wanaelewa kwa nini nilitabasamu nilipoinyanyua. Ni nzito, imetulia mkononi, soketi zimekaza. Kebo zote zinachomoka, hivyo unachomeka unazohitaji tu. Kwenye kasha lenye kompyuta mbili hiyo ni neema, kwa sababu nyaya zinazidi haraka kuliko unavyotegemea.

Kanuni ya kufunga ni moja: kila kinachohusu kompyuta ya pili kipate umeme kutoka upande wa kompyuta ya pili. Plagi ya pini 24, plagi ya prosesa, hata diski zake. Mwongozo una mchoro, ufuate mstari kwa mstari. Wala usichukue kebo ya pawa saplai yako ya zamani eti kwa sababu inaingia. Upande wa mazabodi plagi zinafanana duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake apendavyo, na kebo ya kuazima inaweza kuua diski papo hapo.

Swichi ya pili utaipata wapi? Hapa kuna ujanja ninaoupenda. Kitufe cha kuanzisha upya kilichoko mbele ya kasha ni swichi ya kubonyeza na kuachia, sawasawa na kile cha kuwashia. Chomoa waya wake wenye pini mbili, uchomeke kwenye pini za kuwashia za mazabodi ya pili. Basi! Kasha lako lina vitufe viwili vya kuwashia bila kununua kitu.

Kisha nikabonyeza. Kompyuta ya kurushia ikawaka, taa zake zikameta, huku mashine ya gemu kando yake imekaa kimya kama haimo. Nikabonyeza ya pili, ikaungana na mwenzake bila kuishtua. Nikaizima ya kwanza. Ya pili ikaendelea na kazi! Jamani, ni jambo dogo kulieleza, ila ukilishuhudia kwa macho yako utataka kumwita jirani. Feni nayo, katika hali ya mseto, haikuzunguka kabisa mzigo ulipokuwa mwepesi.

Yasiyonifurahisha

Shauku isitupofushe. Kwanza, mayai yote yako kapu moja. Pawa saplai ikifa, kompyuta zote mbili zimekufa. Kukitokea shoti kwenye moja na kinga ikajifunga, zinazimika zote.

Pili, UPS. Zile ndogo za 650VA zilizozagaa maofisini hazifiki hata wati 400, kwa hiyo kwa mzigo huu hazikufai. Tafuta yenye wati zinazozidi 725, na iwe ya kutoa wimbi safi la sine, kwa kuwa pawa saplai za daraja hili huweza kugoma zikipewa wimbi la ngazi kutoka UPS za bei rahisi.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: mashine isiyozimwa. Tuseme kompyuta yako ya pili ni ya kuhifadhi mafaili, inatumia wati 25 usiku kucha na mchana kutwa. Kwa pawa saplai ya wati 1000, huo ni mzigo wa asilimia 2.5. Cheti cha Platinum hakipimi chini ya asilimia 20. Daraja la Titanium ndilo linaloshuka hadi asilimia 10. Chini ya hapo ufanisi wa pawa saplai kubwa hushuka, nawe unalipia joto. Kwa matumizi hayo, njia ya Corsair ni bora: 1000D inapokea pawa saplai ya ATX kwa mashine kubwa, na nyingine ndogo ya SFX kwa ile ndogo. Weka SFX ya wati 450 upande wa mafaili, ile kubwa uizime kabisa ukienda kulala. Na moja ikifa, nyingine inabaki hai.

Hukumu

Kabla ya kuuliza bei, jiulize kompyuta zako mbili zinaishi vipi. Kama zinafanya kazi pamoja, moja ikicheza na nyingine ikirusha, na unazizima zote ukimaliza, Phanteks Revolt X ya wati 1000 ndiyo chaguo langu bila kupepesa macho: boksi moja, waya mmoja ukutani, ufanisi wa hali ya juu, na uhuru kamili wa kila mashine. Kama moja haizimwi mwaka mzima, nunua pawa saplai mbili tofauti na kasha linalozipokea. Na kama muuzaji anakusukumia kebo ya matawi mawili kwa maneno kwamba itafanya kazi ileile, mshukuru, muage, uondoke.