Mgono wa Wagenya: Namna ya Kuutambua Uliosukwa Vizuri

Kati ya Ubundu na Kisangani, mto Lualaba hushuka mita zipatazo 60 kwa maporomoko saba yaliyosambaa katika zaidi ya kilomita 100. Poromoko la saba limo Kisangani kwenyewe, na hapo ndipo wavuvi wa jamii ya Wagenya wanapovua. Maji yana rangi ya udongo, yamejaa povu, na kasi yake haimpi mtu nafasi ya kulenga. Mshale humtaka mvuvi amwone samaki kwanza, na hapa haonekani. Ndiyo maana Wagenya waliuachia mto kazi ya kumsukuma samaki, wao wakatengeneza chombo cha kumpokea: mgono, kikapu kirefu chenye umbo la pia, mdomo mpana na mkia mwembamba, kinachofungwa kwenye jukwaa la magogo katikati ya mkondo.

Mgeni akiuona husifia ukubwa. Lakini ukubwa hauelezi kama mgono utavua, wala kama utadumu.

La kwanza kukagua ni nafasi zilizoachwa kati ya fito. Wavuvi wa Unguja, Mafia na Lamu wanalijua dema, mtego unaolazwa chini ya bahari na kumngoja samaki aingie mwenyewe. Mgono wa Wagenya haungoji. Unachuja maji yanayokwenda mbio. Fito zikibanana kupita kiasi, maji hukosa pa kupita, huukandamiza mgono wote na kuyatesa magogo yanayoushikilia, na sehemu ya mkondo hukwepa pembeni pamoja na samaki wake. Zikiachana mno, samaki hupenya, au hunasa kichwa na kuvunja ufito akijinasua. Mkaguzi apitishe vidole kati ya fito akiizunguka pete moja, yaani duara linaloshikilia fito, mpaka mwisho. Vikibana hapa na kulegea pale, msukaji alifanya haraka.

Nafasi hizo zina faida nyingine: samaki wadogo hupita na kwenda zao. Mgono uliosukwa sawasawa hubakiza wakubwa, tofauti kabisa na chandarua cha mbu kinachokokotwa ukingoni na kuzoa hata vifaranga.

Baada ya nafasi, fito zenyewe. Henzirani ya msituni, ambayo wasemao Lingala huiita kekele, husifika kwa usukaji kwa sababu ganda lake ni gumu na moyo wake hupinda bila kukatika. Ufito uliokomaa ukikunjwa taratibu hurudi ulivyokuwa. Ule mchanga hubaki umejikunja, na ukikauka husinyaa, kamba zilizoufunga zikalegea hata kabla ya kuguswa na maji. Vitundu vidogo vyenye unga mweupe ni dalili ya wadudu waliokwisha kuingia ndani. Ufito wa namna hiyo haufai, hata kama kwa nje unang'aa. Mafundo ya fito nayo yawe yamekwanguliwa, kwani fundo lililoachwa hukata kamba na kuchana mikono ya anayeuvuta mgono.

Kisha pete. Hizi ndizo zinazoulinda mgono usibonyee, kwa hiyo ziwe duara kamili, na ncha zake zipandane kwa urefu wa kutosha badala ya kugusana tu. Kila pete inapokutana na ufito pawe na fungo lake. Fundi anayefunga mapishano mawili na kuruka la tatu huokoa kamba na kupoteza mgono. Kipimo ni rahisi: ushikwe kwa mikono miwili mdomoni, usokotwe kidogo. Ulio imara hujipinda wote kwa pamoja, kimya. Mbovu hulia na kuonyesha wenyewe palipolegea.

Mkia unastahili muda kuliko sehemu nyingine zote. Huko ndiko mkondo unakomkandamiza samaki mpaka asiweze kugeuka, na samaki aitwaye mbenga, mwenye meno ya kutisha, anaweza kufikia kilo 50. Fito za mkia ziwe zimekusanywa na kufungwa zaidi ya mara moja, kila fungo likijitegemea, ili moja likikatika mengine yashike.

Mgono mzuri ukifungwa vibaya hauna kazi. Magogo ya jukwaa huchomekwa katika mashimo ambayo maji yenyewe yameyachimba kwenye mwamba, kisha huunganishwa kwa kamba. Gogo linalocheza ndani ya shimo litazidi kulipanua kila siku. Mdomo ukabili mkondo moja kwa moja. Ukienda upande, maji huusokota mgono na kuzilegeza pete. Kamba ya msituni ina mikwaruzo inayoshika vizuri kwenye mti, ila huoza na lazima ibadilishwe. Ya nailoni haiozi, lakini huteleza ikilowa, hivyo fundo lake huhitaji mizunguko zaidi, na kamba yenyewe hukaguliwa mahali inapokwaruzana na jiwe.

Wagenya huivuta migono mara mbili kwa siku, na kila mvuto ni nafasi ya ukaguzi. Ufito uliovunjika hubadilishwa kabla mgono haujarudishwa majini, maana pengo moja huziachia fito za jirani mzigo wote wa mkondo. Kina cha mto kikibadilika, mgono huhamishwa, na ukaguzi wa magogo, kamba na mwelekeo wa mdomo huanza upya.