Uhakiki: Hasira Isiyotegemea Maneno

Justin Broadrick wa Birmingham, Uingereza, alipiga gitaa katika upande wa kwanza wa Scum (1987), albamu ya Napalm Death yenye mizizi katika muziki wa panki. Mwaka 1988 alishiriki kuunda Godflesh, kundi ambalo mashine ilishika nafasi ya mpiga ngoma. Kwa jina la JK Flesh hupiga tekno nzito, kama katika Rise Above (2016).

Wanafunzi wetu huhakiki wimbo kwa maneno yake. Hapa maneno si nguzo. Takriri ya mapigo ndiyo inayobeba hasira. Msikilizaji huhisi uchovu wa kiwandani mwilini mwake. Huo ni ufanisi. Udhaifu wake ni kwamba mapigo hayamtaji anayemchosha mfanyakazi. Hapo mshairi angali anahitajika.