Dawa ya Unga na Maskani ya Mdudu

Mtu anunuapo mkebe wa dawa ya unga, akawanyunyizia kuku wake migongoni, na baada ya majuma mawili akawakuta wangali wakijidonoa na kujikung'uta, aghalabu huitupia dawa lawama, akasema imeghushiwa au imekwisha nguvu. Na yamkini mara nyingine husema kweli. Walakini katika mabanda mengi niliyopata kuyakagua dawa ilikuwa nzima kabisa, ila imeangukia mahali ambapo adui hayupo. Unga hauingii katika damu ya kuku wala haumtafuti mdudu aliyejificha. Humdhuru yule augusaye tu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza dawa ipi ni bora, sharti ijulikane mdudu analala wapi.

Banda moja la kuku wa kienyeji huko Muheza, lililojengwa kwa fito na udongo na kuezekwa makuti, lilinipa nafasi ya kuliangalia jambo hili kwa karibu, maana walikuwamo humo maadui wote wanne: chawa, utitiri, papasi na viroboto, na mama mwenye banda aliwashinda kwa mpango ambao wengi hawaufuati.

Alianza na upelelezi. Usiku, kuku walipokwisha kutulia, alipitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia, hasa pale ncha zinapoingia ukutani, na kitambaa kikatoka na madoadoa mekundu ya damu: ndio utitiri, ambao mchana kutwa hujibanza katika nyufa, na giza likiingia hupanda kunyonya na kurudi. Katika joto la pwani utitiri huweza kutoka yai hadi mzazi kwa muda wa juma moja hivi, na banda likiachwa tupu huvumilia njaa kwa miezi kadhaa. Papasi tabia yake ni hiyo hiyo, ila yeye huvumilia zaidi, hata mwaka na kupita, naye huwaambukiza kuku homa ya vijidudu vya borelia. Mwenye kuwanyunyizia kuku migongoni mchana, akaacha nyufa, hajawagusa hawa wawili, isipokuwa wale wachanga wa papasi ambao hukaa mwilini siku chache.

Chawa ni kinyume chao. Huzaliwa, huishi na kufa juu ya kuku, na akianguka chini hamalizi juma. Ukimgeuza kuku na kuyafunua manyoya ya chini ya mkia, utayaona mayai yake yameshikamana kwenye mashina ya manyoya kwa vifungu vyeupe, wala kidole hakiyatoi kwa urahisi. Na viroboto, majike yao hung'ang'ania usoni, kandokando ya macho na kwenye upanga wa kichwa, ilhali mayai huangukia chini na funza wao hulelewa katika vumbi na takataka za sakafuni.

Basi yule mama aliigawa kazi kwa kadiri ya maskani. Asubuhi aliwatoa kuku, akazoa matandiko yote ya pumba akayachoma mbali na nyumba, akazing'oa fito na kuzimwagia maji ya moto, kisha akaziacha juani zikauke. Jambo la kukausha ni la lazima, kwa maana unga ukilowa huganda na kazi yake imekwisha. Ndipo alipojaza unga katika kila ufa kwa manyoya ya bawa, akatandaza kidogo sakafuni na katika viota kabla ya kurudisha matandiko mapya. Jioni, huku amejifunga kitambaa puani, aliwashika kuku mmoja mmoja kwa miguu, kichwa chini, hata manyoya yakaachana yenyewe, na kwa mkebe wa maziwa uliotobolewa kifuniko kwa msumari akanyunyiza chini ya mkia, kwapani, mapajani na shingoni, akiusugua unga kwa vidole mpaka ufike kwenye ngozi. Usoni hakutia unga hata chembe; wale viroboto wa machoni aliwapaka mafuta mazito ya kujipaka, nao wakakosa pumzi.

Kuhusu aina ya unga, nitasema machache. Kabarili, iliyouzwa kwa jina la Sevin, imetumika miaka mingi katika mabanda yetu, ingawa Umoja wa Ulaya uliikataa kwa dawa za mimea mwaka 2007; nayo yataka hadhari ya mikono na pumzi, na maandishi ya pakiti juu ya mayai na nyama yafuatwe. Pareto, ambayo maua yake hulimwa Kenya na nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huua upesi lakini mwanga wa jua huivunja, hivyo yafaa zaidi gizani mwa nyufa. Majivu makavu hayana sumu ya namna hiyo. Humkausha mdudu, nayo husaidia maadamu ni makavu. Dawa ya kuhifadhia mahindi ghalani haikupimwa kwa ajili ya kuku, na kuwapaka ni kucheza na roho zao.

Liko jambo lingine ambalo laiti lingeenea. Kuku ana tabia ya kuoga vumbi, na mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha matokeo ya kuwawekea kuku masanduku ya kuogea: udongo wa kaolini na unga wa diatomi uliwapunguza sana chawa na utitiri wa aina inayoishi mwilini, lakini kwa wale kuku walioingia sandukuni tu; ilhali salfa, yaani kibiriti upele, iliwashusha utitiri hao karibu ya kuwamaliza hata kwa kuku ambao hawakuingia. Unga wa diatomi si bidhaa ya ng'ambo kwetu, kwani huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya.

Lakini yote haya hubatilika kwa kosa moja. Unga hauui mayai. Yai la chawa huanguliwa kati ya siku ya nne na ya saba, na la utitiri upesi zaidi. Kwa hivyo waliosalia katika mayai hukuta uwanja mtupu na kuujaza upya, na mfugaji husema dawa haifai. Yule mama alirudia kazi nzima, nyufa na kuku na sakafu, siku ya kumi na mbili, na hapo ndipo kitambaa cheupe kilipotoka safi. Nawasihi wafugaji: kabla ya kuufungua mkebe, andikeni kwa mkaa ukutani mwa banda tarehe ya kurudia, isizidi siku 14, na fedha ya mkebe wa pili iwekwe kando siku hiyo hiyo.